Jiwe Lililonyimwa Asali

Asali ikikaa juu ya majivu ya moto siku nyingi, harufu yake hubadilika. Siku ya kwanza hunukia maua ya porini na moshi wa mrina asali. Siku ya nne hunukia sukari iliyoanza kuungua ukingoni mwa sufuria. Ikifika wiki ya pili huwa imeshaingia kwenye mapazia, kwenye mito ya kulalia, kwenye nywele za watoto, na hakuna sabuni inayoitoa. Harufu hiyo ndiyo Ramadhani ya mwaka niliotimiza miaka kumi, nyumbani kwa mjomba wangu Hamisi, Msambweni. Nyumba nzima ilikuwa imefunga, na mimi pia nilikuwa nimefunga, mara yangu ya kwanza kuahidi mwezi mzima. Nasema nilikuwa nimefunga. Msomaji anivumilie, tutafika huko.

Mjomba Hamisi alikuwa fundi wa pete. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani na alikuja kutuona siku yake ya mapumziko tu, kwa hiyo mimi nililelewa kwa mjomba, jambo ambalo kwetu Wadigo halina ajabu yoyote: mtoto wa dada yako ni wako. Barazani pake palikuwa na cherehani kuukuu ya kukanyaga kwa miguu, ambayo ilikuwa haijashona hata kifungo miaka mingi. Mjomba alikuwa ameing'oa kichwa na kufunga gurudumu la kusagia mawe. Akikanyaga, gurudumu linazunguka, kopo lililotobolewa chini linadondosha maji tone kwa tone, na uji wa kijivu unamtiririka hadi kwenye viwiko. Wapita njia walipenda kumuuliza leo anashona suruali ya nani, naye bila kuinua macho akajibu, ya yule aliyechanika. Alikuwa mtu wa mzaha katika kila kitu isipokuwa kazi yake. Kwenye kazi alikuwa na kiburi, tena kiburi kikubwa, na mkewe Bi Mejumaa alisema kwamba mumewe angekubali kukosea njia ya kwenda kwao lakini si kukosea jiwe.

Jiwe lake lilikuwa akiki. Alikuwa na mengine, ya kijani na ya zambarau ambayo wachuuzi waliyaleta kutoka bara, kupitia Taru na Kinango, wameyafunga kwenye pembe za vikoi pamoja na tumbaku. Lakini akiki ndiyo iliyomfanya akohoe kwanza kabla ya kusema. Kwa nje akiki si kitu. Utaipita njiani ukadhani ni kiazi kilichotupwa. Ukiikata ndipo unapoona mistari, mmoja ndani ya mwingine, myembamba kuliko uzi, ikizunguka kufuata umbo la jiwe lenyewe. Ni ngumu ajabu. Mjomba alinipa kisu akaniambia niikwaruze, nikakwaruza kwa nguvu zangu zote, na alama niliyoiona ikawa ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe. Kioo ilikichora bila shida. Kwa sababu ya ugumu huo ilifaa kwa mambo mengi: alikuwa na kipande kilichosuguliwa kikawa laini kama ulimi wa paka, alichotumia kung'arishia fedha, kuna watu waliokuwa na vinu vidogo vya akiki vya kusagia dawa, maana havitoi unga wao wenyewe, na zilikuwapo tasbihi zake. Lakini kazi yake kubwa kwetu ilikuwa pete. Wazee wengi waliivaa kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwenye fedha, kwa kuihesabu sunna, na akiki ya mtu ilitambulikana mjini kama sauti yake.

Aliyenifundisha kusoma Kurani ni Maalim Bakari, mzee mrefu mwenye mgongo ulionyooka, ambaye hakuwa amevaa pete yoyote. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Swalehe. Mtaa mzima ulijua kisa chao. Maalim alitaka Swalehe akishike chuo cha Kurani baada yake, na Swalehe alikuwa ameshahifadhi nusu ya msahafu kwa sauti ambayo wanawake waliacha kutwanga ili waisikilize. Kisha kijana akapata kazi ya udereva wa lori huko Arabuni. Siku ya kuondoka alikuja chuoni, akapiga magoti mbele yetu sote kumwomba baba yake radhi, na Maalim akaendelea kumwandikia mtoto mmoja alifu na be kwenye ubao kana kwamba hakuna aliyeingia. Nilikuwapo. Nilimwona Swalehe akisubiri, akainuka, akapangusa magoti yake, akaenda zake. Radhi ni bora kuliko mali, Maalim mwenyewe ndiye aliyetufundisha methali hiyo, na bado akamnyima.

Mwaka ulipita. Mtu mmoja aliyerudi likizo akaleta barua na jiwe. Swalehe aliandika kwamba wazee wa huko wanavaa akiki nyeusi yenye mstari mweupe, na kwamba yeye amelipata jiwe lake likiwa bado ghafi, la kijivu. Fundi Hamisi anajua namna ya kulitia weusi. Akamalizia: baba, ukilivaa, nitajua umeniwia radhi. Maalim aliisoma barua, akalitia jiwe mfukoni, na kwa miezi mitatu hakulitoa. Kiburi nacho ni jiwe. Kisha ikaja habari kwamba lori la Swalehe lilipinduka njiani, na kwamba alikwisha kuzikwa huko huko. Siku mbili kabla ya Ramadhani kuandama, Maalim alikuja barazani kwetu, akakaa, akaliweka jiwe mbele ya mjomba. Alisema analitaka kabla ya Idi, liwe jeusi kama mtoto alivyoagiza, na alisema hivyo akiangalia ukuta.

Sasa, namna ya kutia akiki weusi ni jambo ambalo mjomba alilipokea kwa fundi mmoja mzee wa Mombasa, naye alilipokea kwa wengine, na limekuwapo duniani tangu kale. Jiwe linanyweshwa asali. Linakatwa, linaoshwa, linazamishwa kwenye chungu kidogo cha asali safi, na chungu kinakaa juu ya majivu ya makumbi ya nazi, moto wake usizime wala asali isichemke, siku ishirini na moja. Asali inaingia ndani ya jiwe polepole. Kisha jiwe linatolewa, linafutwa, linatiwa kwenye maji ya betri, kazi ambayo mjomba aliifanya nyuma ya nyumba peke yake huku sisi tumefukuzwa kabisa, na asali iliyojificha ndani inaungua ikawa makaa. Hapo mistari iliyokunywa inakuwa myeusi, na mistari ambayo haikunywa inabaki myeupe. Sharti moja alilopewa na mwalimu wake alilishika kama sheria: chungu hakifunuliwi mpaka siku zitimie. Mjomba alilikata jiwe la Swalehe mapande mawili, moja kubwa na moja dogo. Lile kubwa akalizamisha katika asali nyeusi ya Taru. Lile dogo akalifunga kwenye kitambaa, akalihifadhi ndani ya kopo la vifungo. Na kazi ya kuchochea majivu akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa mtulivu.

Mtulivu! Mwanzoni nilikuwa hivyo kweli. Lakini mtu ambaye hajafunga akiwa na miaka kumi, katika joto la Msambweni, saa tisa ya alasiri, nyumba imelala, chungu cha asali kiko mbele ya magoti yake kinanukia, asinihukumu upesi. Siku ya tano nilifunua kifuniko ili nione tu. Siku ya sita nikaona tone limeganda ukingoni, nikaona si vizuri kuliacha livutie sisimizi. Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga hawakukosea hapo hata kidogo. Siku ya nane nilikuwa nakuja na kijiko. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye akili, niliona asali ikipungua jiwe litabaki kavu na litaungua, basi kila nilipochota kijiko cha asali nilirudishia kijiko cha maji ya mtungini. Nilijiambia kuwa ninalilinda jiwe. Magharibi ilipofika niliketi mkekani pamoja na wengine, nikasubiri adhana kwa uso wa mtu mwenye njaa, nikaitikia dua, nikala tende. Vibaya zaidi ni kwamba Maalim alisimama mbele ya chuo kizima akawaambia wavulana, ambao walikamatwa wakinywa maji kisimani, kwamba waone haya: Siti, mtoto wa kike, amefunga tangu Ramadhani mosi bila kuvunja hata siku moja. Niliinamisha kichwa. Wenzangu walidhani ni unyenyekevu.

Siku ishirini na moja zilitimia tukiwa tumebakisha siku chache za Ramadhani. Mjomba alifunua chungu, akalitoa jiwe, akamwaga asali iliyobaki. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akitazama jinsi ilivyomwagika, akakunja uso kidogo, akanusa vidole vyake, kisha akaendelea. Kesho yake, baada ya maji ya betri, aliliosha jiwe mara ya mwisho na kulileta barazani, na Maalim alikuwa ameshafika, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Jiwe halikuwa jeusi. Lilikuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa, iliyopoa, kahawia hafifu, na mistari yake imefifia. Mjomba alianza kueleza, jambo ambalo hakuwa amezoea, kwamba pengine jiwe lenyewe ni la aina ngumu, kwamba yako mawe yanayokataa. Maalim aliliweka kiganjani akaligeuza mara mbili.

"Jiwe halina kosa, Fundi," alisema. "Aliyekataa ni mwenyewe. Amekufa bila radhi yangu, na sasa yeye haitaki."

Mjomba alimsihi aache neno hilo, akamkumbusha yeye mwenyewe anavyotukataza kupiga ramli na kusoma fali kwenye kila kitu, paka akikatiza njia, bundi akilia. Maalim alitikisa kichwa tu. Alikuwa mtu msomi, na elimu yake yote haikumfaa kitu siku ile. Mjomba alitaka kulichonga hivyo hivyo alivalishe fedha, Maalim akakataa. Alilifunga kwenye leso, akaondoka, na mgongo wake kwa mara ya kwanza niliuona umepinda. Mimi nilibaki mlangoni, maana ni wawili tu waliojua kwa nini jiwe lile halikukolea: Mwenyezi Mungu na mimi.

Nilinyamaza. Nilinyamaza siku zilizobaki za mfungo, nikanyamaza siku ya Idi nikiwa nimevaa gauni jipya ambalo sikumbuki hata rangi yake, nikanyamaza wiki nzima baada ya chuo kufunguliwa. Maalim alirudi kufundisha, lakini tulipokosea hakutusahihisha tena. Mtu angeruka aya nzima naye akaitikia vyema, endelea. Wavulana walifurahia mchezo huo kwa siku mbili, kisha hata wao wakaogopa, wakaanza kusahihishana wenyewe kwa kunong'ona. Mke wa Maalim alimwambia Bi Mejumaa kwamba mumewe halali wala hali, na kwamba amesikika akiongea na leso. Bi Mejumaa alitusimulia hayo akichambua mchicha, na mimi nikajisikia kama ninayechambuliwa. Niliogopa mambo matatu kwa mpigo: fimbo ya mjomba, moto wa Jahanamu, na uso wa Maalim akigundua kwamba yule mtoto wa mfano alikuwa mwizi na mla mchana. La tatu ndilo lililonishinda kuliko yote.

Nilimwendea siku ya Alhamisi, wenzangu walipokwisha kuondoka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilimwambia yote, kijiko kwa kijiko, asali na maji. Nililia nikisema, na nilipomaliza nikasubiri kupigwa. Aliniwekea mkono kichwani.

"Siti, mwanangu, nani amekutuma? Mjomba wako?"

Nikasema sikutumwa na mtu.

"Mwenyezi Mungu akulipe kwa huruma yako," alisema. "Lakini usiiharibu saumu yako safi kwa uongo wa kuniliwaza mimi."

Hakuniamini! Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Sifa zile nilizoziiba ndizo zilizosimama mlangoni kuzuia ukweli usiingie. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mtu aliyekufa, na nilipofika barazani sikumsalimia mjomba, nikamwambia hivyo hivyo juu ya kelele za gurudumu. Mguu wake ukasimama. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye kopo. Nilidhani atafuata fimbo. Badala yake alisema kwa sauti ndogo kwamba siku ile alipoimwaga asali iliteremka kama maji, na ilinukia tembo changa ya mnazi, na aliona, akanyamaza, kwa sababu Maalim alikuwa njiani anakuja na yeye hakutaka kuonekana fundi aliyeharibu. Akalisingizia jiwe. "Tumemuua mzee wa watu sisi wawili," alisema, "mimi kwa kiburi, wewe kwa ulimi." Sikupigwa. Ilikuwa afadhali nipigwe.

Siku hiyo hiyo alilitoa lile pande dogo kwenye kopo la vifungo. Alinunua asali mpya, akaijaza chunguni mbele yangu, akasema mwenye kuchochea moto ni mimi tena. Bi Mejumaa alishika kiuno, akauliza tangu lini fisi akakabidhiwa bucha. Mjomba akajibu kwamba jiwe litatoa ushahidi, na ushahidi hautafaa kama mkono ule ule haukuwapo. Basi nikakaa na chungu kile siku ishirini na moja nyingine, kuanzia mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, bila saumu ya kunizuia, bila mtu wa kuniangalia, nikiwa na ruhusa ya kula chochote nyumbani isipokuwa kilichokuwa mbele yangu. Wiki ya kwanza nilijifunga leso mdomoni. Baadaye sikuihitaji. Nilikuwa nachochea majivu na kumwomba Mungu jiwe linywe, linywe, lisikatae, maana nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba pengine Maalim yuko sahihi, pengine kweli lingekataa hata kwa asali safi, na hapo nitakuwa nimemwonyesha mzee mlango kisha nikaufunga.

Lilitoka jeusi. Jeusi kabisa, na mistari minne myeupe imekatiza katikati, safi kama iliyochorwa kwa wembe. Mjomba aliliangalia, akakaa chini kwenye kizingiti, akafuta macho kwa kiwiko chenye uji wa jiwe. Tulikwenda kwa Maalim pamoja. Mjomba alimwomba alete leso yake. Akayaweka mapande mawili juu ya meza ya chuo, la kahawia na jeusi, akayasogeza mpaka yakagusana pale yalipokatwa, na kila mstari wa huku ukakuta mwenzake wa kule, mwembamba kwa mwembamba, mnene kwa mnene. Hakuna mtu ambaye angeweza kusema kwamba hayakuwa jiwe moja. Maalim alipitisha kidole juu ya maungio, akarudia, akarudia tena. Kisha akaniuliza nilikuwa nachota vijiko vingapi kwa siku. Nikasema kama vinne, siku nyingine vitano. Alicheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake, na mimi nikamwambia kwamba nitazilipa siku zote nilizokula, nitaanza kesho.

"Wewe hudaiwi saumu, ungali mtoto, kalamu haijaanza kukuandika," alisema. "Anayedaiwa ni mimi. Nilimnyima mwanangu neno moja, kisha nikaja kulitafuta ndani ya jiwe."

Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kusahihishia, kana kwamba Swalehe amepiga magoti pale pale penye vumbi: "Swalehe, nimekuwia radhi. Dunia na akhera." Mjomba akaitikia amina. Kwenye pete, Maalim alichagua lile la kahawia, na mjomba, aliyemsihi achukue jeusi kwa kuwa ndilo lililoagizwa, hakupewa sababu. Maalim aliivaa mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, nami nilikuwa nimekwisha kuolewa. Chuoni alirudi kutusahihisha kwa ukali kuliko mwanzo, na wavulana wakanilaumu mimi.

Leo mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari huko Kinango, na kila mwaka nikifika kwenye somo la madini huwaletea wanafunzi kipande cha akiki wakipitishe mkono kwa mkono. Ninawaambia kwamba kimsingi ni kitu kile kile cha mchanga mweupe unaochimbwa kule Waa na kupakiwa kwenye malori kwenda kuyeyushwa kuwa vioo. Zamani sana, mahali ambapo volkano ilitoa uji wa moto, uji ulipopoa ulibaki na mapovu matupu ndani, na maji yaliyobeba mchanga huo, umeyeyuka humo usionekane, yakapenya ndani ya mapovu. Yakaacha utando mmoja ukutani, yakaondoka, yakarudi, yakaacha mwingine, kwa muda ambao akili ya mtu haiwezi kuushika. Tando nyingine zilikaa na vijitundu vidogo sana, hizo zinakunywa rangi. Nyingine zilibanana, hizo hazinywi hata uzilaze baharini. Jiwe halijui nani amekosa na nani amesamehewa. Ninalisema hilo kwa mkazo, na mara nyingi kuna mwanafunzi anayeniuliza kwa nini mwalimu amekasirika.

Mjomba amezeeka, macho hayamruhusu tena, na cherehani imerudishiwa kichwa chake. Mjukuu anashonea sare za shule. Ukienda Diani madukani utaziona akiki zimepangwa, buluu ya kutisha, waridi, kijani cha kalamu ya kupigia mistari, zimetiwa rangi viwandani ng'ambo kwa muda mfupi, na wageni wanazinunua kwa furaha. Sina ugomvi nazo. Nyingine ni nzuri. Ila nikipita pale najikuta nikivuta pumzi kutafuta harufu, na hazina.

Binti yangu Zuhura ana miaka kumi na tisa. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi, akaiacha, akachagua kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, kama wengi wa rika lake hapa kwetu. Tuligombana miezi miwili. Mimi, mwenye kisa hiki, niliyekiona kwa macho yangu, siku ya kumsindikiza nilimpa mkono na neno nikalizuia. Alilisubiri; nilimwona akilisubiri. Akainua begi lake akaenda. Kwa wiki mbili tuliongea kwa simu habari za hali ya hewa na bei ya unga. Niliendelea kufundisha, niliendelea kula, na kila nilipofungua mdomo kulisema nilikuta nina sababu nzuri za kungoja, na zote zilikuwa za haki kabisa. Ijumaa iliyopita asubuhi, kabla sijaingia darasani, nilisimama nyuma ya tangi la maji la shule nikampigia.

"Zuhura," nilisema, "nimekuwia radhi."

Nilisikia mfereji ukifungwa upande wa pili.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mbona unasema maneno ya kuagana?"

Nikamwambia kwamba siagi, nasema tu mapema. Nilimsikia akilia kwa namna anavyolia tangu mdogo, akijitahidi isisikike, halafu akapenga kamasi, akaniuliza kama leo nina vipindi vingi na kama nimekunywa chai. Kengele ililia, wanafunzi wakapita mbio, na mimi sikukata simu. Maalim Bakari alilisema neno lake mbele ya mapande mawili ya jiwe. Mimi nilijibiwa.